Aliyeshika Mizani

Popote unaponisikia, iwe jikoni unamenya ndizi, iwe ndani ya Hiace inayopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, karibu tukae pamoja kidogo.

Leo nazungumza juu ya watu wa kawaida waliopigika kisha wakainuka. Najua masimulizi ya namna hii mmeyasikia mengi. Fulani alikuwa hana kitu, akavumilia, akasali, akajituma, na leo nyumba yake ina bati la msauzi na watoto wake wamesoma. Siyapuuzi hata kidogo. Ila yakisimuliwa hivyo, kuna jambo kubwa linaachwa nyuma. Watu wa mlima huu wa Kilimanjaro hawakuwahi kupungukiwa na juhudi. Mama wa Kibosho aliyeshindwa kumnunulia mtoto daftari mwaka 2001 alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakata majani, anabeba, analisha ng'ombe, anapika, anapalilia, vilevile kama afanyavyo leo. Sala zake zilikuwa hizihizi na kanisa ni lilelile. Kama juhudi na subira vingetosha, mama yule asingekuwa maskini hata siku moja. Kwa hiyo mimi huuliza swali lingine: siku ya kuuza, nani alikuwa ameshika mizani?

Nasema mizani na nina maana ya mizani hasa, ile ya chuma inayoning'inia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na kitabu kilichofunguliwa pembeni yake chenye majina ya wanachama na kilo zao. Historia ya shida na nafuu katika miteremko hii unaweza kuifuata kwa kuangalia nani alisimama upande gani wa mizani ile.

Tuanzie mbali. Kibosho ina Machame upande wa magharibi, Uru upande wa mashariki, na juu yake msitu na kilele. Ni nchi iliyoonja kuvunjwa mapema. Mtawala wake, Mangi Sina, alikuwa na boma la mawe na jeshi lililoogopwa mlima mzima. Februari 1891 Wajerumani wakiongozwa na Hermann von Wissmann walilishambulia boma hilo na kulitwaa. Miaka tisa baadaye, tarehe 2 Machi 1900, mtoto wa Sina, Mangi Molelia, alinyongwa Old Moshi siku moja na Mangi Meli na viongozi wengine. Hebu mfikirie mkulima wa siku zile. Watawala wake wamenyongwa, kodi ya nyumba inadaiwa kwa fedha, na fedha hana. Njia aliyowekewa ilikuwa moja, kwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi.

Njia ya pili ilitokea mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1893 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kibosho, na katika bustani za misheni za mlimani, Kilema na hapa, ilikuwapo miche ya kahawa ya arabika ambayo mbegu yake asili ni kisiwa cha Réunion. Kahawa ile ikatoka kwenye bustani ya padre ikaingia kihambani, yaani kwenye shamba la familia linalozunguka nyumba. Ilikubali kivuli cha migomba, haikudai shamba jipya, na ilimpa mtu fedha ya kodi bila kutoka nyumbani kwake.

Walowezi walikasirika. Walisema mwenyeji hataweza kuitunza mibuni, kwamba magonjwa yataenea hadi kwenye mashamba yao, kwamba wizi wa kahawa utazidi. Hofu iliyowakaa zaidi ni kukosa vibarua. Kenya walowezi walishinda: Mwafrika alizuiwa kulima kahawa kwa miaka mingi, na hata miaka ya 1930 aliporuhusiwa, yalikuwa majaribio madogo tu huko Kisii, Meru na Embu. Kilimanjaro hawakushinda. Afisa wa Kiingereza Charles Dundas aliwaunga mkono wakulima, lakini msaada wa afisa mmoja huondoka siku anapohamishwa. Kilichobaki ni wakulima wenyewe, ambao mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Walipiga dawa pamoja, walinunua vifaa pamoja, na walikusanya kahawa yao wakaiuza kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nafasi ya KNPA ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu ambacho jengo lake bado limesimama katikati ya mji wa Moshi. Watu waliokuwa wameshindwa vita walikuwa sasa wanapima mazao yao katika maghala yao.

Nawaomba msikilize vizuri kinachofuata, maana wengi tunakisahau. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kuvuka dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Kwa mkulima wa Kibosho huo ulipaswa kuwa wakati wa neema kubwa kuliko yote. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa na serikali, na ununuzi wa kahawa ukawekwa mikononi mwa mamlaka ya zao. Bei ilikuwa juu, na mizani ilikuwa kwa mwingine. KNCU ilirudishwa mwaka 1984, na bei ile ilikuwa imeshapita.

Halafu ikaja miaka ambayo wengi wenu mliiona kwa macho yenu. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo baina ya nchi zinazolima kahawa yalisambaratika. Kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni. Ruzuku ya pembejeo ikaondolewa, na wakati huohuo magonjwa ya mibuni, chulebuni na kutu ya majani, hayakuondoka. Mkulima wa kihamba kisichofika hata ekari mbili alitakiwa kununua dawa kwa bei ya soko ili alinde zao ambalo soko halitaki kulilipia. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya arabika kule New York ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili. Toa humo gharama za kukoboa, usafiri, makato ya chama kikuu na ya bodi ya kahawa, ndipo uone kilichomfikia mzee aliyechuma, akamenya kwa mashine ya mkono, akaosha, akaanika, akakaa akiichambua punje kwa punje.

Ilikuwaje Kibosho katika miaka ile? Mibuni iliachwa bila kupogolewa mpaka ikawa mirefu yenye matunda machache huko kileleni. Wengine waliing'oa usiku, kwa sababu mtu aliyerithi kahawa kwa baba yake huona haya kuing'oa jirani akimtazama. Vijana waliondoka. Walikwenda Arusha, Dar es Salaam, Mererani. Na Mererani tunajua kilichotokea: Aprili 1998 mvua zilijaza maji kwenye migodi ya tanzanaiti, na vijana kwa makumi walifia chini ya ardhi. Ukimwi nao ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba, na bibi ambaye alidhani amemaliza kulea akajikuta na wajukuu watatu, wanne, wote wanataka uji wa asubuhi. Bibi wa namna hiyo, katika vijiji hivi, aliishije? Hapa ndipo ninapotaka kutua.

Kwa mila zetu za mlimani, kahawa ni ya baba. Jina kwenye kitabu cha chama cha msingi ni la baba, na fedha inapotoka, mara moja au mbili kwa mwaka, anayekwenda kuipokea ni baba. Mama ana ndizi na ana maziwa. Kwa hiyo kahawa ilipoanguka, nyumba nyingi zilibaki zimesimama juu ya vitu viwili ambavyo hakuna aliyekuwa akivihesabu kuwa uchumi. Mama alibeba mkungu hadi sokoni, akapimiwa kwa macho na mchuuzi aliyekuja na lori. Alibeba maziwa kwenye kidumu, akashuka nayo hadi mjini, na ikifika saa nne jua limekuwa kali na mteja hajapatikana, alikubali bei yoyote aliyoambiwa. Mwenye maziwa yanayokaribia kuganda hana nguvu ya kubishana.

Mwaka 1988, kwa majirani zetu wa Nronga, Machame, wanawake waliliona jambo hilo wakalikataa. Walianzisha chama chao cha ushirika cha maziwa, na chama hicho ni cha wanawake. Kila mwanachama alileta maziwa ya ng'ombe wake mmoja au wawili, wale wanaofugwa bandani, wanaolishwa majani yaliyobebwa kichwani na maganda ya ndizi. Maziwa yalipimwa wingi, yakapimwa pia kama yameongezwa maji, yakaandikwa jina la mama aliyeyaleta. Yakichanganywa ya wengi, yakapozwa, yakapelekwa mjini kwa gari moja, anayebembeleza bei sasa ni mnunuzi.

Kuna wanaosema fedha ya maziwa ni ndogo. Ni kweli, ya siku moja ni ndogo. Lakini wanasahau tofauti ya fedha inayokuja Desemba yote kwa pamoja na fedha inayokuja kila wiki. Ya kwanza ina mipango mingi inayoisubiri, na mingine ni ya baa. Ya pili inanunua sabuni, chumvi, dawa ya mtoto, na akiba inayobaki inaingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Na kuna kitu kingine ambacho hakipimwi kwa shilingi. Mama ambaye kwa mara ya kwanza jina lake limeandikwa kwenye kitabu, tena yeye mwenyewe akalikagua na kusema hapa mmekosea, jana nilileta lita nne na mmeandika tatu, mama huyo hawezi kurudi kuwa yule wa jana. Nimewasikia akina mama wa upande huu wetu wakikagua hesabu za vikundi vyao kwa sauti ambayo baba zao wasingeamini. Kwangu mimi, kuinuka kwa Kibosho baada ya miaka ile kulianzia katika sauti hiyo zaidi kuliko katika bei ya kahawa.

Kahawa nayo ilirudi, kwa taratibu. Mwaka 2001 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, makao yake Lyamungo, kwenye kituo cha utafiti kilichokuwapo tangu mwaka 1934, hapo jirani kabisa na Kibosho Magharibi. Watafiti walitoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mjue uzito wa jambo hilo: mkulima anaondolewa gharama kubwa ya dawa, na mpiga dawa anapumzishwa kubeba pampu mgongoni msimu mzima. Miche ilizalishwa na vikundi vijijini, mingi ikitunzwa na mikono ya wanawake na vijana. Katika miaka hiyohiyo baadhi ya vyama vya msingi vya mlimani, vilivyochoka kusubiri malipo kutoka juu, viliamua kutoka kwenye chama kikuu na kuuza kahawa yao vyenyewe. Vikajiunga kwa jina la G32. Viliona mnada, viliona bei, viliona makato, na mwanachama akaelezwa shilingi yake ilipokwenda. Walioanza walionywa kwamba wataanguka ndani ya msimu mmoja. Hawakuanguka.

Siwezi kupita bila kuwataja wapagazi, kwa sababu nyumba nyingi za Umbwe na Mweka zinakula kutokana na mlima. Kijana anapanda siku sita au saba na hema la mgeni, chakula cha mgeni na begi la mgeni. Zamani alipangiwa mzigo kwa kutazamwa mabega. Sasa sheria ya hifadhi inasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20, na langoni mizigo hupimwa. Mwaka 2003 ulianza mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaofuatilia kampuni zinazowalipa na kuwalisha kama inavyostahili. Bado zipo zinazokwepa, na bado kijana anayehitaji kazi hunyamaza mzigo unapozidi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ndege, vijana hawa walikaa nyumbani miezi kadhaa bila senti. Waliokuwa na ng'ombe wa mama na migomba ya nyumbani walikula. Waliokuwa wamepanga chumba Moshi mjini walipata taabu ambayo hatukuizungumza vya kutosha.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba wananchi waliinuka peke yao na serikali haikuwa na lolote. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yule bibi wa wajukuu wanne alipumua. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilipofutwa mwaka 2016, alipumua tena. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, ingawa kutoka kwenye kitabu cha sheria hadi kwenye kikao cha ukoo ni mwendo mrefu sana. Mambo haya yaliamuliwa Dodoma na Dar es Salaam, na yaliingia hadi jikoni Kibosho.

Wala sisemi kwamba ushirika ni dawa isiyo na madhara. Mizani ya kwetu wenyewe nayo inaweza kuchezewa. Tumeona vyama vikikopa na kushindwa kulipa, tumeona viongozi wakijenga huku wanachama wakisubiri malipo ya pili yasiyokuja. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ya wakulima ipitie kwenye vyama vya msingi, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kwenda kununua mashambani. Nauunga mkono uamuzi huo, kwa sababu nakumbuka bei za vibarazani ambazo mkulima mwenye mgonjwa hospitalini alilazimika kuzikubali. Lakini uamuzi huo umefanya mkutano mkuu wa chama cha msingi kuwa kikao kizito kuliko harusi, na bado mahudhurio ya harusi yanaushinda. Mwanachama asiyekwenda kusomewa mapato na matumizi amemwachia mwingine mizani kwa hiari yake. Februari 2025 bei ya arabika New York ilivuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Nani alifaidi msimu ule, na kwa kiasi gani? Jibu limo kwenye vitabu vya chama chako. Vifunguliwe, visomwe kwa sauti, na kijana aliyesoma hesabu Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi aitwe akae mbele awasaidie wazee.

Na liko jambo moja ambalo nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya wazee wangu, nao waniwie radhi. Vitabuni bado majina mengi ni ya wanaume, na baadhi yao walishazikwa. Kahawa inachumwa na mjane, inaletwa na mjane, inaandikwa kwa jina la marehemu, na siku ya malipo shemeji anajitokeza. Kihamba anabaki nacho kitinda mimba wa kiume aliyeko Dar es Salaam, huku binti aliyemuuguza mama hadi mwisho akiambiwa yeye ni wa ukoo mwingine. Mbona hatulitengenezi hili? Katiba za vyama zinaruhusu mwanamke kuwa mwanachama. Kinachotakiwa ni kikao cha familia kukubali, barua kuandikwa, na kiingilio kulipwa. Desemba, watu wote wanapopanda nyumbani kuhesabiwa, shangazi wapo, wajomba wapo, mtoto wa Dar es Salaam yupo, na nyama ipo mezani. Kikao hicho kifanyike hapohapo kabla magari hayajaanza kushuka.

Anayetaka kupanda miche chotara mvua za masika zijazo, mashimo ayachimbe mapema, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, ayajaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, ayaache yatulie. Miche aulizie kwenye chama chake cha msingi au aende Lyamungo. Mavuno ya kwanza ayategemee baada ya miaka miwili hadi mitatu. Na kabla ya kufukia shimo la kwanza, wenye nyumba wakubaliane kahawa hiyo itaandikwa kwa jina la nani.